Goti Silo

Middlewich, 11 Novemba 1973

Cliff baba,

Hapana, hiyo ya sindano hukunieleza, umeipitia juu juu kama paka anayevuka matope. Unasema "wakanidunga kidogo, nikarudi uwanjani, nikafunga," halafu huyoo, umerukia habari za samaki wa Bi Pell mwenye nyumba. Kidogo ndiyo nini? Nani alidunga? Ya nini?

Haya, Edna ananikazia macho, ati barua haianzi hivyo, inaanza na salamu. Basi salamu. Mimi mzima, kifua kinakoroma asubuhi lakini nikishakunywa chai kinanyamaza. Edna mzima. Mumewe Harold mzima wa kulalamika. Wewe je? Unalala? Unakula? Shuka za huyo Bi Pell ni kavu? Maana shuka mbichi ndizo zilizomuua mjomba wangu Enoch, si maji ya mfereji, ingawa mferejini alitumbukia kila Jumamosi akitoka baa na hakuwahi kupata hata mafua.

Mabao yako tumeyasikia. Harold alitusomea gazeti: Hollinshead, mshambuliaji wa Skelby Town, miaka kumi na tisa, mabao saba na Krismasi bado. Anasema huko daraja la nne mabao saba si mchezo, watu wa timu kubwa huanza kuja kutazama wakiwa wameshusha kofia machoni. Nikamwuliza, "Kwani la nne ndilo la juu?" Alicheka mpaka akakohoa. "Keziah, la nne ndilo la mwisho! Chini yake kuna wauza nyama na matarishi." Mimi sikujua. Nimejisifu nalo sokoni tangu Agosti. Edna, hiyo usiandike. Ameandika. Huyu aliandika barua za mabosi wa kiwanda cha chumvi ujana wake wote, ukifungua mdomo tu anaandika, hata ukipiga chafya.

Sasa hilo goti. La kushoto, au siyo? Mimi goti lako nalijua. Tangu mama yako Hannah afariki ni mimi niliyekuwa nikiliosha kila jioni, ukitoka kwenye ule mpira wenu wa nyuma ya kiwanda, changarawe zimeingia ndani kama zabibu kwenye keki. Usinifiche. Linauma au haliumi? Jibu hilo kwanza, samaki baadaye.

Bibi yako

*

Skelby, 25 Novemba 1973

Bibi,

Shikamoo kutoka kwenye upepo. Huku upepo ukikukosa asubuhi unakungoja mchana. Nafurahi kifua kinasikia chai. Mimi nala vizuri, shuka kavu, ondoa wasiwasi.

Linauma. Haya, nimesema. Nilipigwa teke mwezi wa kumi, likajaa maji. Jumamosi daktari wa klabu anakuja, anayavuta maji, halafu ananidunga ganzi. Baridi inapita, halafu hakuna kitu. Nakimbia kama mguu si wangu. Si kila wiki, ni pale tu likikataa kabisa.

Utauliza kwa nini nisipumzike. Bibi, ni hivi. Kocha wetu, Bwana Cragg, hasemi na majeruhi. Hana hasira nao, ndiyo kanuni yake tu. Ukiwa mzima anakuita "mwanangu," anakuuliza umekula nini. Ukiumia anakupita ukumbini kama koti lililotundikwa msumarini, mpaka upone. Anaamini ukimsemesha mgonjwa atazoea ugonjwa. Terry Boyle alivunjika mguu mwezi wa tisa na hajapewa hata habari za asubuhi. Siku moja alimwuliza, "Kocha, leo nikae wapi?" Cragg akamgeukia mama anayefua jezi, akasema, "Nasikia upepo humu." Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka.

Mkataba wangu unaisha Juni. Mtu akikaa benchi, Juni hakuna anayemkumbuka. Na kuna mtu wa timu ya daraja la pili, amekuja kunitazama mara mbili. Nahodha wetu, Mal Duggan, anamjua kwa mwendo.

Sasa habari njema: siku ya pili ya Krismasi tunacheza Saltersford, hapo pua na mdomo na kwenu. Njooni! Mvae nguo nzito. Ila hili goti usimwambie mtu. Hata Harold. Na wewe Edna unayesoma hapa kwa sauti, nawe pia.

Mjukuu wako, Cliff

*

Middlewich, 28 Desemba 1973

Cliff baba,

Sikukuu kwetu imepita salama, bata mzinga alikuwa mkavu lakini hakuna aliyekufa. Kwako imepitaje? Nataka kujua hasa tangu juzi mchana, maana hukuja getini.

Ngoja niseme kwa utaratibu, nisipofanya hivyo nitachanganya.

Tulikwenda na gari la Harold. Nikavaa koti lake lile la zamani juu ya koti langu, na mfukoni nikatia pai ya nguruwe niliyokuokea, ile ya mchuzi mzito ndani. Mpira umeanza mapema kwa sababu ya huu mgao wa umeme, taa za uwanja zimekatazwa. Tukasimama nyuma ya goli. Mkatoka. Nikakuona na namba tisa mgongoni, nikamwambia kila mtu, "Yule ni wangu." Baba mmoja mbele yangu akageuka, "Wako? Basi mpe uji, mama, miguu gani ile ya korongo!" Nikamwambia, "Na wewe mamako alikunywesha nini, chokaa?" Wenzake wakamcheka. Alikuwa mtu mzuri tu, baadaye alinipa sigara, na mimi sivuti, nikaichukua.

Ndipo nikaona bendeji. Nyeupe, nene, kubwa kama kilemba. Kwenye goti la kulia! Cliff, nikadhani ni macho yangu yamekosea. Nikahesabu upya, nikajigeuza nielekee unakoelekea wewe, maana mtu akikutazama usoni kulia kunakuwa kushoto. La kulia. Goti bovu liko wazi kwenye baridi, goti zima limevalishwa kama bibi harusi! Nikasema, hawa watu wa Skelby ni walevi au ni wajinga, na mtoto hathubutu kuwaambia. Nikangoja refa aone. Nikangoja kocha wenu aone, yule mwenye shingo fupi. Wapi.

Harold akanishika mkono, "Keziah, nyamaza." Ninyamaze? Mimi nilizaliwa kwenye boti ya mizigo ya mferejini. Boti ya baba haikuwa na honi, honi nilikuwa mimi. Usiku wa ukungu nilikuwa namwamsha mfungua malango ya maji kitandani kwake na sisi hata kona hatujaikata. Basi nikaweka viganja mdomoni: "NYIE! MMEFUNGA GOTI SILO! LA KUSHOTO NDILO BOVU! LA KUSHOTOOO!"

Uwanja wote ukageuka. Halafu ukacheka wote. Kipa wao alicheka mpaka akashika mlingoti. Yule beki wao mwenye nywele nyekundu tu ndiye hakucheka. Yeye alikutazama mguu.

Alipokupiga mara ya kwanza nikasema bahati mbaya, mpira huo. Mara ya pili mpira ulikuwa kule na yeye yuko huku. Nikaona ulivyoinuka. Ulikuwa unaukanyaga ule mguu kama mtu aliyekopeshwa, hajui mwenyewe anautaka lini. Ukafunga na bao la kichwa juu ya hayo, watu wakapiga makofi, mimi sikupiga. Mikono ilikuwa imeniganda.

Tulikungoja getini mpaka basi lenu likaondoka. Umeniona? Mimi naona uliniona, halafu ukatazama chini. Pai nimerudi nayo, Harold amekula.

Mwambie huyo mfunga bendeji aje huku nimfundishe kulia na kushoto. Na wewe niandikie upesi.

Bibi yako

*

Middlewich, 27 Januari 1974

Cliff baba,

U mzima lakini? Hii ya leo ni fupi, Edna anaandika kwa mshumaa na nta inadondokea meza yake ya harusi.

Mwezi mzima hujaandika. Nimesema labda posta, labda umeme, labda kidole. Harold ana jambo analolijua, hasemi. Nikimwuliza, "Kwani mtoto kakasirika nini?" anaondoka kwenda kukagua vitunguu vyake. Nani anakagua vitunguu Januari?

Kama ni kelele nilizopiga, nilipiga kwa ajili yako. Andika hata mstari.

Bibi yako

*

Skelby, 17 Februari 1974

Bibi,

Shikamoo. Kifua hakijambo? Mimi mwili mzima, ukitoa mahali pamoja unapopajua wewe na sasa Uingereza nzima.

Sikutaka kukuandikia na hasira. Nimeingoja ipungue. Haijapungua sana, lakini Bi Pell amenisuta mezani, ati bibi wa umri wako hangojeshwi hivi, na akaninyima kitindamlo mpaka niandike. Basi naandika.

Bibi, walijua kulia na kushoto. Bendeji ilifungwa goti zima makusudi. Kila timu inafanya hivyo. Beki akiona bendeji anapiga hapo, basi unamwonyesha penye afya, apige mpaka achoke. Waliojua tulikuwa mimi, Mal Duggan na daktari. Na wewe.

Yule mwekundu alipokuja aliniinamia sikioni, kwa upole kabisa, kama padri. "Mshukuru bibi yako, kijana." Halafu akapiga.

Na mabeki wanaongea, Bibi. Wanakunywa pamoja, wanaoleana madada. Januari yote kila uwanja niliokwenda goti langu lilikuwa limetangulia kufika. Uwanja mmoja watu wa nyuma ya goli waliimba "La kushotooo!" kwa sauti ya kizee, wote pamoja, wamefanya mazoezi. Hata kwetu chumbani, nikiingia: "Bibi anasemaje leo?" Mal amenibatiza Kushoto. Hakuna anayeniita Cliff tena. Nacheka nao, nifanye nini?

Wiki tatu zilizopita ganzi iliisha kabla ya mapumziko, na goti likajifunga. Halikunjiki, halinyooki. Wakanitoa kwa machela. Tangu siku ile Bwana Cragg hanioni. Asubuhi nazunguka uwanja na Terry Boyle, vivuli viwili. Tukikutana tunasalimiana, "Nasikia upepo." Yeye anacheka kuliko mimi, ameshazoea. Yule mtu wa daraja la pili hajaonekana tena.

Daktari wa hospitali ya hapa anataka kupasua, halafu nipumzike mpaka majira ya mapukutiko. Klabu inasema tungoje. Nami nasema tungoje. Nani atampa mkataba mtu wa magongo mwezi wa Juni?

Usiniambie nirudi nyumbani. Na usinitajie yule farasi wa baba yako. Najua utamtaja farasi. Mimi si farasi, Bibi.

Mjukuu wako

*

Middlewich, 24 Februari 1974

Cliff baba,

Tumeamka, tumshukuru Mungu kwa hilo, mengine tutayaona. Na wewe uamke hivyo hivyo.

Barua yako nilisomewa mara ya kwanza, nikamwambia Edna aisome tena, labda ya pili ingekuwa na maneno mengine.

Mimi nilijuaje, baba? Dunia nzima mtu anafunga kitambaa penye kidonda. Sijawahi kuona mtu anauguza mguu mzima. Harold alijua palepale, ndiyo maana vitunguu vyake vimekaguliwa mpaka vimeona haya. Nimemwambia, "Wewe ungeniziba mdomo kwa mkono!" Akasema, "Keziah, ningeupata wapi mkono wa kukuziba wewe mdomo?"

(Edna hapa. Bibi yako amelia kidogo. Kasema nisiandike.)

Nitamtaja farasi. Umenikataza, lakini sina kingine, mimi kitabu sikufundishwa, boti haikusimama mahali pamoja siku za kutosha mtoto ajifunze hata A. Nina farasi tu. Basi baba yangu Jabez alinunua jike la kijivu mnadani, tukamwita Duchess. Siku ile ya mnada alitembea kama malkia. Muuzaji alikuwa amempaka dawa ya kuua maumivu kwenye kifundo, sisi hatukujua. Akatembea ukingoni akivuta kwa kamba boti imejaa chumvi, siku mbili, hakuchechemea hata mara moja. Alivuta kwa sababu hakusikia. Laiti angesikia, angesimama. Siku ya tatu, hapo karibu na malango ya maji, mguu ukavunjika. Baba akakaa naye kwenye majani, kashika kichwa chake, na boti za nyuma zinatupigia kelele, "Sogezeni mzoga wenu, sisi tuna kazi!" Mimi nilikuwa mdogo, nikamwambia, "Baba, fanya kitu." Akaniambia, "Nafanya." Na alikuwa hafanyi kitu, alikuwa amekaa tu.

Unasema wewe si farasi. Kweli. Farasi hakuniandikia barua kuniambia hajambo.

Waache wapasue, Cliff. Nakuomba hilo tu. Ukirudi, rudi; kiwandani kwa kina Edna watu bado wanachukuliwa, na nyuma ya kiwanda watoto bado wanacheza. Usiporudi, usirudi, lakini wapasue. Mimi niko mbali, majina ya vituo vya treni siwezi kuyasoma, ningepotea nikafika Uskoti. Kazi niliyoijua ilikuwa kupiga kelele, na sasa hata hizo nimezifungia.

Bibi yako, aliyenyamaza

*

Skelby, 25 Aprili 1974

Bibi,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Umeamkaje na hii baridi isiyotaka kuondoka? Miezi hii sikuwa na la kuandika. Mtu asiyeonekana ana habari gani?

Bibi, jana Bwana Cragg amesema nami!

Nilikuwa nanyoosha mguu, akaja akasimama mlangoni. "Unajionaje Jumamosi, mwanangu?" Hivyo tu. Nikajifanya nafunga kamba za viatu maana uso haukuwa wa kuonyeshwa mtu. Washambuliaji wamekwisha, mmoja bega limetoka, mwingine amefungiwa kwa kumtukana refa. Jumamosi ndiyo mechi ya mwisho, nyumbani. Jumatatu anakaa na wakubwa wa klabu, wanasema nani abaki nani aende. Ukionekana Jumamosi, umeonekana.

Nitadungwa kabla ya mechi na nitadungwa tena mapumziko. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia pengine. Daktari aliniuliza, "Una hakika?" na mimi nikasema ndiyo yeye hajamaliza. Sikupasuliwa, lakini naweza kulikunja sasa, karibu lote. Nilimwambia Terry Boyle, nikadhani atafurahi. Akageukia ukuta, akasema, "Nasikia upepo." Safari hii hakucheka, na mimi sikucheka.

Barua hii utaipata Jumamosi asubuhi. Nimeipima makusudi, ili usiwe na nafasi ya kunijibu. Usikasirike. Ukinijibu nitakusikiliza, na nikikusikiliza sina kazi.

Usije, Bibi. Nakupenda, usije.

Mjukuu wako, Cliff

*

Middlewich, Jumamosi 27 Aprili 1974

Cliff baba,

Hujambo? Naona ajabu kuuliza, maana jambo lenyewe linatendeka sasa hivi ninapouliza. Sisi hatujambo. Edna ana jino linauma. Kifua changu kimetulia, leo hata kukoroma hakikoromi, kimekaa kimya kinasikiliza.

Barua yako imefika na posta ya asubuhi, umeipima sawasawa, hongera. Nilimwambia Harold, "Washa gari." Akasema, "Keziah, ni nchi nzima hii mpaka ufike upande wa pili, tutafika wakati wanafagia uwanja." Nikamwambia basi tupige simu klabuni. Akapiga, Harold wa watu, akapiga kwa simu yake, akapokewa na msichana fulani wa ofisini, akaambiwa siku ya mechi wachezaji hawaitwi kwenye simu. Nikachukua simu mwenyewe, nikasema mimi ni bibi yake Cliff Hollinshead. Yule akacheka, akasema, "Yule bibi?" Nikaweka simu chini.

Kwa hiyo naandika. Edna ananiuliza, "Sasa unaandika ya nini, itafika Jumanne, kila kitu kimekwisha?" Nimemwambia, "Andika tu, nikinyamaza nitasikia." Kaniuliza nitasikia nini. Nimemwonyesha kalamu.

Goti silitaji. Nimeahidi. Nitakupa habari za hapa. Mke wa muuza nyama amejifungua mapacha, mmoja anafanana na muuza nyama. Boti moja ya matembezi imekwama malangoni, pale maji yanapopandisha boti, ni ya watu wa mjini, wamevaa kofia za nahodha, baba na mwanawe, wamefungua maji upande wa juu na wa chini pamoja! Nikasimama darajani nawatazama. Mdomo ukafunguka. Nikaufunga. Nikasema, Keziah, kelele zako zimetosha dunia hii, waache wajifunze. Wakakaa pale mpaka chakula cha mchana, maji yanapita tu, boti haipandi haishuki. Mpaka Harold ndiye akaenda kuwaambia.

Saa ngapi hiyo, Edna? Saa tisa imepita. Basi mmeanza. Sindano ya kwanza tayari. Nimesema silitaji na nimelitaja, haya, Edna, kata hiyo. Hakati.

Bi Pell wako amekupikia nini leo? Ungekuwa hapa ningekupikia viazi na nyama ya ng'ombe ya shingo, ile inayochemka tangu asubuhi mpaka kijiko kinasimama. Hapa sufuriani ipo. Nimepika, sijui kwa nini nimepika nyingi, mimi na Edna tutaimaliza lini, na Edna mwenyewe ana jino.

Nitakuambia kitu sijawahi kumwambia mtu, si kikubwa. Ulipokuwa mdogo ukicheza nyuma ya kiwanda, nilikuwa nakuja kukutazama, nasimama nyuma ya marundo ya magunia usinione. Wewe ukifunga ulikuwa hushangilii. Ulikuwa unageuka upesi kutazama kama kuna mtu ameona. Kila mara. Mimi nilikuwa nimeona, lakini nimejificha, nilikuwa naogopa wenzako watakucheka. Sasa mtu anakwenda kukaa kwenye upepo upande wa pili wa nchi, ili mzee mmoja mwenye shingo fupi amwone. Mimi simlaumu huyo mzee. Sijui nimlaumu nani. Nakaa hapa tu na kijiko mkononi.

Edna, ni saa ngapi? Saa kumi kasoro. Hayo ni mapumziko yao, au yanakaribia. Basi ni ya pili hiyo. Sasa hivi. Mkono wa mtu uko hapo ambapo nilikuwa natoa changarawe kwa pini na maji ya moto na wewe unanipigia kelele "Polepole, Bibi!"

Polepole, baba.

Harold yuko kwao na redio, lakini daraja la nne hawalisomi mpaka saa kumi na moja, na likisomwa ni mabao tu, hawasemi magoti. Edna anasema labda umefunga. Inawezekana, wewe hufunga. Anasema labda Jumatatu watakubakiza, na Juni utakuja nyumbani na mkataba mfukoni, tutacheka. Nimemwambia tutacheka. Andika hivyo, Edna: Bibi amesema tutacheka.

Chai imepoa. Nimemwaga, nimetia nyingine, nayo inapoa. Ile boti imepanda hatimaye, naiona inapita hapa dirishani, wanampungia mtu mkono, sijui nani, labda mimi. Nitawapungia nini mimi na

Nani anaita? Harold. Yuko uani, hana hata koti. Edna, fungua dirisha. Anasemaje? Usiandike, msikilize!

"Keziah! Njoo kwenye simu!"

Ni Cliff? Mwulize ni Cliff? Mechi haijaisha, saa kumi na nusu hii, Cliff atapigaje simu mechi haijaisha?

"Si Cliff. Ni hospitali ya huko Skelby. Wanataka ndugu yake. Njoo, Keziah, njoo upesi!"

Nakuja. Mwambie asikate, Harold, mwambie niko hapa, nakuja. Viatu viko wapi, viache, nakwenda hivi hivi. Edna, weka kalamu chini. Nipe mkono